Tembo gani Unguja?

Msomaji wangu, ukitaka kuufaidi Mji Mkongwe wa Unguja, kubali kupotea. Ingilia Darajani, penye kelele za samaki na mitumba, kata kichochoro chochote, na baada ya dakika chache hujui tena bahari iko wapi. Usitie wasiwasi. Ukichoka, kaa barazani. Hizo baraza za mawe ni za kukaa watu. Ila salamu kwanza, na mzee wa kule usimtupie "mambo vipi".

Halafu milango, acha kabisa! Nakshi juu mpaka chini, na misumari minene ya shaba. Waongoza watalii watakwambia misumari hiyo ni mtindo wa India, ya kuzuia tembo wasivunje mlango. Tembo gani Unguja, jamani? Kule yalifika meno tu.

Na yalifikaje? Hapo ndipo sisi wa Nkoma tunapoingia. Karne ya 19 pembe zilitoka bara mabegani mwa watu, mwendo wa miezi, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi na ndugu zao Wasukuma. Matajiri kama Tippu Tip, aliyefariki mwaka 1905, wakajenga majumba Shangani. Wengine wa bara walifika wakiwa bidhaa wenyewe: Mkunazini palikuwa na soko la watumwa mpaka 1873. Leo pana kanisa kuu la Anglikana, na nje sanamu za watu zimesimama shimoni, minyororo shingoni. Pale hata mimi mropokaji nilinyamaza.

Basi kijana wa bara, usitembee kule kama mgeni wa kupiga picha tu.

Kinachoniuma ni nyumba zenyewe. Ni matumbawe, chokaa na boriti. Paa likivuja, boriti zinaoza kimyakimya. Beit-al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ambalo baadaye lilitiwa umeme na lifti, sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020 likiwa kwenye ukarabati. Watu wawili walikufa. Na lile ni la serikali, linaangaliwa na dunia nzima! Sasa zile ghorofa za vichochoroni, zenye nguo za watoto zimeanikwa dirishani? UNESCO iliutangaza mji huu urithi wa dunia mwaka 2000, lakini UNESCO haipandi darini kuziba matundu.

Jioni teremka Forodhani ukale urojo. Uliza bei kabla hujaketi.