Listi Yangu ya Sasa: Litungu Namba Moja, Video Sifuri

Ninavyovikubali kwa sasa ni hivi.

Muziki: litungu. Nyuzi 8 tu, ila mzee wa Kikurya akilipiga, ukumbi mzima unaamka.

Kitabu: Rosa Mistika ya Kezilahabi, 1971. Kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, kumbe kinawaonya wazazi wakali kupitiliza.

Kifaa: pawabenki. Umeme ukikatika Mugumu, simu bado inadunda.

Video: hapo sina. Kuna msanii wa Tarime, simtaji, kakodi gari la watu na mjengo wa watu ili afanane na Dar. Litungu kaliacha nyumbani, na Serengeti tunayo mlangoni! Wazee wanaolijua hawatatusubiri milele. Warekodini sasa, bado wapo. Au nadanganya?