Kaifeng, mji uliokuwa haulali

Haya tena msomaji wangu, wiki hii nakupeleka China. Achana kidogo na Beijing na Shanghai, twende Kaifeng, kule jirani na Mto Manjano.

Kwanza ujue walikotoka. Enzi za wafalme wa Tang, mji mkuu ulikuwa Chang'an, siku hizi wanauita Xi'an. Mji mkubwa, si mchezo! Lakini giza likiingia ngoma zinalia, mageti ya mitaa yanafungwa, kila mtu kwao. Ukikutwa barabarani bila sababu ya maana, viboko 20. Sasa wewe uliyezoea kurudi saa nane za usiku ungeishije pale?

Mwaka 960 wakaingia wafalme wa Song, makao yao Kaifeng. Mwaka 965 mfalme Taizu akatoa ruksa: masoko ya usiku yasizuiwe. Weee! Mji ukachangamka. Vibanda vya vyakula mpaka usiku wa manane, na alfajiri wengine wanafungua tena. Matumbo, samaki, nyama choma, na kiangazi vitu baridi vya kushushia. Starehe nazo za kila aina: mieleka, vikaragosi, wasimuliaji wa hadithi. Mchoraji Zhang Zeduan aliuchora mji wa namna hiyo kwenye kitambaa cha hariri chenye urefu unaozidi mita 5. Angalia vizuri, utamwona jamaa anampelekea mteja chakula. Eti sisi ndio tuliovumbua kuletewa msosi mlangoni!

Raha ile iliishia mwaka 1127. Majeshi ya Jin kutoka kaskazini yaliuteka mji, yakamchukua mfalme Qinzong pamoja na baba yake, Huizong, wote mateka. Huizong alikuwa fundi wa kuchora ndege na maua. Vita, hapana.

Kati ya waliokimbilia kusini alikuwamo Meng Yuanlao, aliyekula ujana wake Kaifeng. Mwaka 1147 alimaliza kitabu kuhusu mji ule, mtaa kwa mtaa, mpaka maduka na vyakula vyake. Sababu mojawapo inauma: akiwasimulia wadogo raha za Kaifeng, walikuwa wakimbishia. Mzee anaonekana anaongeza chumvi! Hakuwa na mji wa kuwaonyesha, akaamua kuandika.

Na wakorofi walikuwa bado hawajaumaliza. Mwaka 1642, mji ukiwa umezingirwa na waasi wa Li Zicheng, kingo za mto zilibomolewa, maji yakaingia, watu wakafa kwa maelfu. Mafuriko kama hayo yaliacha matope juu ya matope, hata Kaifeng ya akina Meng leo iko mita kadhaa chini ya ardhi. Wenyewe wamejenga juu yake.

Ukifika huko, nenda usiku pale Mnara wa Ngoma. Ngoma ya kufukuza watu haipo. Kuna soko, taa, na moshi wa mishikaki ya kondoo.