Ulizeni nani anaweza kuimega Rouge

Na Rehema Mbwana

Wenzangu wa Scarborough, Toronto, wanaokwenda ufukweni Rouge na mikeka na pilau wengi hudhani ile ni bustani ya manispaa. Sivyo. Ni hifadhi ya taifa ya mjini, kilomita za mraba 79 hivi, kutoka Toronto hadi Markham, Pickering na Uxbridge, na ina sheria yake iliyotungwa na Bunge la Kanada mwaka 2015.

Wakati ule serikali ya jimbo la Ontario iligoma kuikabidhi hifadhi ardhi yake, na nasema ilifanya vyema. Sheria ilimtaka waziri azingatie tu ulinzi wa mazingira, na mtu aliyeambiwa azingatie anaweza kuzingatia asubuhi na jioni akapitisha barabara. Mwaka 2017 Bunge likakaza kifungu hicho: uzima wa ikolojia uwe kipaumbele cha kwanza katika kila jambo la kuiendesha hifadhi. Wakulima waliomo ndani hawakufukuzwa. Natamani kuliona hilo kwetu Tanzania, ambako hifadhi ngapi zimeanza kwa kuhamisha watu!

Sasa vukeni mpaka wa mashariki. Mashamba ya Duffins Rouge, Pickering, yalilindwa na sheria ya jimbo tangu 2005. Mwishoni mwa 2022 sheria hiyo ikafutwa na mashamba yakatolewa kwenye Ukanda wa Kijani, eneo la jimbo linalolindwa dhidi ya ujenzi, ili zijengwe nyumba. Wananchi walichachamaa. Agosti 2023 mkaguzi mkuu wa jimbo alieleza kwamba utaratibu uliotumika uliwapendelea baadhi ya wajenzi. Septemba, Waziri Mkuu wa jimbo, Doug Ford, akaomba radhi, na ulinzi ukarejeshwa kabla ya mwaka kwisha. Nilishukuru, lakini sijatulia, kwa sababu chama chenye wabunge wengi kinaweza kuufuta tena.

Ulinzi hutegemea nani anaweza kuubadili. Tanzania, Rais hutangaza pori la akiba kwa amri katika Gazeti la Serikali, ila hifadhi ya taifa huhitaji ridhaa ya Bunge. Hiyo ndiyo tofauti ya kuangalia popote. Hata Rouge, sheria inaruhusu hadi hekta 200 zitolewe kwa barabara na miundombinu mingine.

Januari 2025 serikali kuu ilitangaza kuachana na mpango wa uwanja wa ndege wa Pickering na kusudio la kuipa Rouge sehemu ya ardhi iliyotengewa uwanja huo. Tangazo si sheria. Mbunge wenu akija msikitini au kanisani kuomba kura, mwulizeni ardhi hiyo itaandikwa lini ndani ya mipaka ya hifadhi.