Tahadhari kwa Wanaovuka Ziwa Nyasa

Tarehe 3 Machi, 1959, Gavana Robert Armitage alitangaza hali ya hatari katika Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Siku ile ile, huko Nkhata Bay, watu 20 waliuawa kwa risasi baada ya umati kukusanyika kudai ndugu zao waliokamatwa waachiliwe. Dk. Hastings Banda na mamia ya wenzake walitiwa kizuizini. Hali hiyo haikuondolewa hadi Juni, 1960.

Tunaikumbusha habari hii kwa sababu Nkhata Bay inatazamana na Mbamba Bay yetu, mkoani Ruvuma. Wananchi wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi wana ndugu ng'ambo ya pili. Huvuka kwa biashara, kwa arusi na kwa matanga, na wengi huona ni sawa na kwenda kijiji cha jirani. Lakini hali ya hatari ikitangazwa, askari aliye barabarani hamjui shangazi ya mtu. Anachotaka ni karatasi. Asiye na karatasi siku hiyo hana kwao.

Wala hatari si ya bunduki peke yake. Machi, 2023, kimbunga Freddy kiliipiga Malawi ya kusini, na Rais Lazarus Chakwera akatangaza hali ya maafa. Madereva wetu na utingo wao, wakiwemo wanaopakia makaa ya mawe kule Ruanda, Mbinga, na kuyapeleka nchi jirani, wajue kwamba njia iliyo wazi leo yaweza kufungwa kesho.

Kwa hiyo tunatoa nasaha zifuatazo. Kwanza, asivuke mtu bila hati ya kusafiria. Pili, aache nyumbani na kwa mwenyekiti wa kijiji jina la mahali aendako na siku ya kurudi. Tatu, aandike mahali pa salama namba ya simu ya Ubalozi wetu ulioko Lilongwe. Nne, hali ikichafuka, atii amri ya kutotembea usiku, akae mbali na mikutano na maandamano, asipige picha za askari, wala asibebe mzigo au barua asiyoijua. Tano, akikamatwa, aombe kwa adabu ubalozi wake uarifiwe. Hiyo ni haki yake kwa Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963.

Wajibu hauko kwa msafiri peke yake. Aprili, 2023, vita vilipozuka Sudan, Serikali iliwarudisha nyumbani Watanzania wapatao 200, wengi wao wanafunzi, kwa kupitia Ethiopia. Kazi ya namna hiyo haifanyiki bila kujua nani yuko wapi. Mwanafunzi wa chuo huulizwa chuoni. Mchuuzi wa dagaa aliyevuka kwa mtumbwi ataulizwa wapi? Ndiyo maana tunaziomba serikali za vijiji vya mwambao ziweke daftari la wanaovuka, na Idara ya Uhamiaji isogeze huduma zake karibu na wananchi hao. Mtu akilazimika kutembea siku nzima kutafuta karatasi, ataendelea kupanda mtumbwi bila karatasi.

Ujirani mwema na udugu wa pande mbili za Ziwa ni jambo la kuenziwa. Tuulinde kwa kuvuka kihalali, huku kijiji kikijua nani amekwenda na atarudi lini. Tahadhari kabla ya hatari.