Ultrasaundi kwa Majeruhi wa Ini: Jibu la Kwanza, Si la Mwisho

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Majeruhi wa ajali ya bodaboda anaweza kufika hospitalini akitembea, bila hata mchubuko tumboni, ilhali ini limepasuka na damu inavuja ndani. Kiungo hicho hupokea takribani robo ya damu inayosukumwa na moyo. Pamoja na wengu, ndicho huumia mara nyingi zaidi tumbo linapogongwa bila kutobolewa.

Hapo ndipo umuhimu wa ultrasaundi unapoonekana. Mashine huletwa kando ya kitanda, haitumii mionzi, na majibu hupatikana ndani ya dakika chache. Mtaalamu hukagua maeneo manne: kati ya ini na figo ya kulia, pembeni mwa wengu, kuzunguka kibofu, na mfuko wa moyo. Damu iliyovuja huonekana kama utepe mweusi. Ikionekana tumboni kwa mgonjwa ambaye shinikizo la damu limeshuka, kwa kawaida hupelekwa chumba cha upasuaji bila kusubiri CT-Scan.

Hata hivyo, kipimo hiki hutafuta zaidi damu iliyovuja kuliko mpasuko wenyewe. Ini linaweza kuchanika, damu ikabaki ndani ya utando wake, na picha ikaonekana safi. Kwa sababu hiyo, majeruhi mwenye maumivu hapaswi kuruhusiwa kurudi nyumbani kwa kutegemea picha moja. Anatakiwa kuangaliwa kwa saa kadhaa, kipimo kirudiwe, na inapobidi apewe rufaa ya CT-Scan, ambayo huonesha ukubwa wa jeraha. Wengi ambao hali yao ni tulivu hupona bila upasuaji, mradi uangalizi uwe wa karibu na damu ya kuongezewa iwepo.

Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipofungua idara ya tiba ya dharura mwaka 2010, nchi imekuwa ikiandaa madaktari bingwa wa fani hiyo. Manufaa ya mashine katika hospitali za wilaya na mikoa yatategemea mtumishi aliyefunzwa kuisoma, gari la wagonjwa lililo tayari na akiba ya damu. Wananchi nao wana wajibu: kuchangia damu, na kumfikisha majeruhi hospitalini hata pale ambapo haonekani kuwa na kidonda.