Matuta ya Shela si ya kupigia picha tu

Wasee, kila mtu akienda Lamu lazima apige picha kwenye matuta ya mchanga ya Shela. Sawa, hata mimi ninazo. Lakini ulijua yale matuta ndiyo tanki la maji la kisiwa? Mvua inazama mchangani, inachujwa, inakaa huko chini juu ya maji ya chumvi. Visima vya Shela ndivyo vinanywesha mji wa Lamu. Mimi niliacha chuo na hii nimeielewa. Wenye digrii za mipango miji je?

Sasa mtu anakuja na pesa zake, anajenga jumba la kifahari juu ya mchanga huo, choo na bwawa la kuogelea ndani, halafu analala humo wiki tatu kwa mwaka. Eti maendeleo! Ukivuta maji kuliko mvua inavyorudisha, bahari inaingia kisimani, na haitoki leo wala kesho.

UNESCO iliuweka mji huu kwenye urithi wa dunia mwaka 2001. Milango ya kuchonga tunailinda. Maji je?

Kibali cha kujenga juu ya matuta kisitolewe tena, hata kimoja. Na wewe unayekodi nyumba ya wikendi huko, uliza kwanza imejengwa wapi.