Mguu Mnene Usioitwa Jina Lake

Mkoani Pwani, mguu uliovimba huwa na jina kabla mgonjwa hajaulizwa lolote. Watu wa Kibaha, Mlandizi na Kisarawe wameishi na matende vizazi kwa vizazi. Mpango wa kitaifa wa kutokomeza matende na mabusha ulianza mwaka 2000 kisiwani Mafia, na tangu hapo ivemektini na albendazoli zimegawiwa katika vijiji vingi vya pwani. Kibaha yenyewe ina kiwanda cha viuadudu vya kuua viluwiluwi vya mbu. Si ajabu, basi, kwamba mwanamke mwenye miguu minene huambiwa ana matende, na asipoambiwa hivyo huambiwa apunguze kula. Mara nyingi kauli zote mbili hazimfai, kwa kuwa ugonjwa alio nao ni lipedema.

Katika lipedema, mafuta yaliyo chini ya ngozi hujikusanya kupita kiasi kwenye nyonga, mapaja na miguu, wakati mwingine na mikono, pande zote mbili kwa ulinganifu. Huwapata karibu wanawake peke yao, na aghalabu hujitokeza homoni zinapobadilika: wakati wa kuvunja ungo, wa ujauzito au wa kukoma hedhi. Madaktari Allen na Hines wa Mayo Clinic, Marekani, waliueleza tangu mwaka 1940. Hata hivyo, toleo la orodha ya kimataifa ya magonjwa lililoupa nafasi yake lilianza kutumika mwaka 2022 tu. Kwa zaidi ya miaka 80, wagonjwa wamekuwa wakijieleza mbele ya watabibu wasiofundishwa kuwasikiliza.

Kuutambua hakuhitaji mashine. Matende mara nyingi huelemea mguu mmoja zaidi ya mwingine, nayo hushuka mpaka kwenye vidole. Lipedema huiacha sehemu ya chini ya kifundo ikiwa nyembamba, mafuta yakikoma ghafla juu yake kana kwamba mwanamke amevaa furungu. Mtoa huduma afinye ngozi iliyo kwenye shina la kidole cha pili cha mguu: ikikataa kuinuka, limfu imetuama, ikiinuka bila shida na miguu ikabaki minene, aifikirie lipedema. Kisha aulize kuhusu maumivu, maana mafuta ya unene wa kawaida hayaumi yanapobonyezwa, ilhali mwenye lipedema huumia hata mtoto akimpandia mapajani, na huvilia damu kwa kugongwa kidogo. Aulize pia kama mama au shangazi alikuwa na miguu ya namna hiyo, kwani ugonjwa huu huonekana kufuata ukoo. Ikumbukwe tu kwamba ukikomaa unaweza kuambatana na kutuama kwa limfu, na hapo kipimo cha kidole peke yake hakitoshi.

Lugha ya mtaani inao msemo wa kusifu, «mguu wa bia», na binti wa miaka 16 huenda akafurahia sifa hiyo kwa muda. Akifika miaka 30, magoti yanauma, viatu vya kufunga vinamfaa ila suruali haipandi, na kila mlo anaoacha humpunguza uso na kifua huku miguu ikibaki vilevile. Kumwita mvivu mtu wa namna hiyo ni kosa la kitabibu, licha ya kuwa ni utovu wa adabu.

Matibabu ya kwanza ni ya subira: soksi za kubana, mazoezi hasa ya majini, utunzaji wa ngozi, na kudhibiti uzito, maana unene ukiongezeka juu ya lipedema mzigo huwa maradufu. Soksi hizo ni adhabu katika joto la Pwani, na anayeziagiza bila kulisema hilo asishangae zikiachwa kabatini.

Kwa wale ambao njia hizo zimewashinda upo upasuaji wa kunyonya mafuta. Mbinu inayotumika zaidi ilielezwa na Jeffrey Klein wa Marekani mwaka 1987: eneo hujazwa maji yenye lignokaini na adrenalini iliyozimuliwa, damu ikapungua kutoka, kisha mafuta yakavutwa kwa mirija myembamba. Miguu yote haimalizwi kwa siku moja. Huhitajika awamu kadhaa, na soksi za kubana hurudi baada ya kila awamu. Wagonjwa wengi huripoti nafuu ya maumivu na wepesi wa kutembea. Hatari nazo zipo: damu kuganda, mafuta kuingia kwenye mishipa ya damu, upungufu wa damu, maambukizi, na lignokaini kuzidi kipimo. Mataifa yenyewe hayajakubaliana. Mwaka 2022 taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza ilishauri upasuaji huu ufanywe katika utafiti tu. Ujerumani iliruhusu bima ya umma ilipie hatua ya tatu ya ugonjwa kuanzia mwaka 2020, na mwaka 2025 ikaamua kujumuisha hatua zote.

Tangu mwaka 2023 upasuaji wa kupunguza mafuta hufanyika Mloganzila, si mbali na Kibaha. Ustadi na vifaa, basi, vipo karibu. Kinachokosekana ni mlango sahihi wa kuingilia. Mwanamke huyu akipokelewa kama mtafuta urembo, bima haitamlipia, na jamaa zake watauliza kwa nini auze shamba kwa ajili ya umbo. Akifika na barua ya rufaa inayotaja lipedema, kipimo cha maumivu, mzunguko wa mapaja na ndama kwa sentimita, na miezi kadhaa ya soksi na mazoezi iliyoandikwa, mazungumzo yanakuwa mengine, na daktari wa upasuaji naye anapata haki ya kumkatalia kwa sababu za kitabibu.

Barua hiyo yaweza kuandikwa katika kituo cha afya cha Mlandizi au katika hospitali ya Tumbi. Inahitaji utepe wa kupimia, kalamu, na dakika 20 za kumsikiliza mgonjwa akiwa amevua soksi.